Kupitisha maombi ya skripti kwenye seva ya proksi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yametoka kwa watumishi na wanafunzi wa Kigoma wanaoandika skripti ndogo za kuchukua data mtandaoni, wakiwa ndani ya mitandao ya ofisi au ya vyuo ambayo mlango wake wa pekee wa kutokea kwenda intaneti ni seva ya proksi, yaani kompyuta inayopokea maombi ya wengine na kuyapeleka nje kwa niaba yao. Mfano utakaotumika ni skripti ya Python iitwayo upepo.py. Kazi yake ni kuchukua kila alasiri utabiri wa upepo wa Ziwa Tanganyika kutoka Open-Meteo, tovuti ya data za hali ya hewa, ili ubandikwe kwenye ubao wa mwaloni kabla wavuvi wa dagaa hawajaingia ziwani usiku na taa zao. Proksi ya mfano iko kwenye anwani 192.168.10.2, poti 3128, ambayo ndiyo poti ya kawaida ya programu ya Squid. Ya kwenu huenda ina namba nyingine.

Jambo moja litajirudia katika majibu mengi: kabla ya kurekebisha chochote, jua kwanza aliyekujibu ni nani, proksi yenyewe au tovuti uliyoiendea. Anayelijua hilo hufika kwenye kosa mapema, na asiyelijua huweza kushinda kutwa akibadilisha mistari ambayo haikuwa na kasoro yoyote.

Kivinjari kinafungua tovuti zote bila shida. Kwa nini skripti yangu haifiki popote?

Kwa sababu kivinjari kimeelekezwa kwenye proksi na skripti haijaelekezwa. Proksi ya aina tunayoizungumzia haikamati mawasiliano yanayopita; ni lazima kila programu iambiwe kwamba ipo na iko wapi. Kivinjari hupata habari hiyo kutoka kwenye mipangilio ya mfumo wa kompyuta, au kutoka kwenye faili la PAC, yaani faili dogo la JavaScript lenye kazi iitwayo FindProxyForURL, ambalo msimamizi wa mtandao huliweka mahali pamoja ili kompyuta zote zilisome.

Skripti nyingi haziwezi kusoma faili la PAC. Python kwenye Windows husoma anwani ya proksi iliyoandikwa moja kwa moja kwenye mipangilio ya mfumo, lakini kama mipangilio hiyo inataja faili la PAC tu, Python haioni kitu. Kwenye Linux yenyewe hutazama vigeu vya mazingira (environment variables), yaani thamani zenye majina ambazo mfumo huzipa programu, na visipokuwepo hujaribu kutoka moja kwa moja, ikagonga ngome ya mtandao (firewall) na kukaa hapo hadi muda uishe.

Ukihitaji kujua anwani ya proksi na huna wa kumuuliza, pakua faili la PAC na ulifungue kwa programu ya kawaida ya kuandikia maandishi. Tafuta mstari unaofanana na huu:

```
return "PROXY 192.168.10.2:3128; DIRECT";
```

Kilichofuata neno PROXY ndicho unachokitafuta.

Ni nini hasa kinachobadilika katika ombi linapopita kwenye proksi?

Inategemea kama tovuti inatumia HTTP tupu, isiyofichwa, au HTTPS, ambayo hufichwa kwa usimbaji (encryption). Inafaa kuielewa tofauti hiyo vizuri, maana makosa mengi yanayoelezwa hapa chini yanazaliwa nayo.

Kwa HTTP tupu, skripti hufungua muunganiko na proksi badala ya tovuti, kisha huandika anwani nzima ya inakokwenda kwenye mstari wa kwanza wa ombi: si `GET /forecast` bali `GET http://tovuti.mfano/forecast`. Proksi huusoma mstari huo, huiendea tovuti kwa niaba ya skripti, na kurudi na jibu. Katika safari hiyo inaona kila kitu, kuanzia vichwa vya ombi hadi maudhui, na ikitaka inaweza kuvibadilisha.

Kwa HTTPS mambo ni tofauti. Skripti huanza kwa kuiomba proksi ifungue handaki, kwa amri ya `CONNECT api.open-meteo.com:443`. Proksi ikikubali hujibu 200, na kuanzia hapo kazi yake ni kusukuma baiti huku na huku bila kuzielewa, kwa kuwa skripti na tovuti zimekwisha kukubaliana usimbaji wao zenyewe. Ni kama bahasha iliyofungwa kwa gundi na kukabidhiwa kwa kondakta wa basi la Tabora: anajua inateremshwa wapi na aliichukua saa ngapi, ila hajui kilichoandikwa ndani.

Kwa hiyo ombi moja la HTTPS linalopita kwenye proksi huwa na majibu mawili, la kwanza la proksi kuhusu handaki na la pili la tovuti kuhusu data.

Ninaiandikaje proksi ndani ya skripti ya Python?

Kwa moduli ya requests, hivi:

```
import requests

proksi = {
    "http":  "http://192.168.10.2:3128",
    "https": "http://192.168.10.2:3128",
}

jibu = requests.get(
    "https://api.open-meteo.com/v1/forecast",
    params={"latitude": -4.88, "longitude": 29.63,
            "hourly": "wind_speed_10m",
            "timezone": "Africa/Dar_es_Salaam"},
    proxies=proksi,
    timeout=(20, 60),
)
jibu.raise_for_status()
```

Maneno "http" na "https" yaliyo upande wa kushoto yanataja aina ya tovuti unayoiendea. Anwani iliyo upande wa kulia inaeleza namna ya kuzungumza na proksi yenyewe. Hayo ni mambo mawili tofauti, na ndiyo sababu mistari yote miwili inaweza kuishia kwenye anwani ileile inayoanza na `http://`.

Usiuache mstari wa timeout. Moduli ya requests haina kikomo cha muda isipopewa, na skripti iliyokwama kwenye proksi iliyozidiwa itasubiri bila kusema lolote mpaka mtu aizime. Namba ya kwanza inahusu kuunganishwa, na kwa HTTPS ndani yake mna muda wa kusubiri proksi ifungue handaki. Basi usiiweke fupi mno kwa kudhani kwamba proksi iko chumba cha jirani.

Kama unatumia Session, fahamu kwamba proksi uliyoiweka kwenye `session.proxies` inaweza kufunikwa na ile iliyomo kwenye vigeu vya mazingira, jambo ambalo wengi hawalitegemei. Ipitishe kwenye kila ombi kama ilivyo hapo juu, au andika `session.trust_env = False` ili mazingira yasisomwe kabisa.

Mstari wa timezone hauhusiani na proksi, lakini usipouweka saa zitakuja kwa majira ya GMT, na atakayesoma ubao mwaloni atakuwa amekosea kwa saa tatu.

Nimeandika `https://` kwa proksi kwa kuwa tovuti ni ya HTTPS, nikapata kosa la WRONG_VERSION_NUMBER. Tatizo ni cheti?

Si cheti. Ulipoandika `https://192.168.10.2:3128` uliiambia skripti ianze usimbaji na proksi yenyewe, nayo proksi yenu inaongea HTTP tupu kwenye poti hiyo. Skripti ilituma salamu ya TLS, itifaki ya usimbaji inayotumiwa na HTTPS, ikajibiwa kwa maandishi ya kawaida, na ikatafsiri herufi za kwanza za jibu kama namba ya toleo isiyojulikana. Badilisha iwe `http://`. Usalama wa safari ya kwenda tovutini haupungui, kwa sababu usimbaji wa tovuti unaanza ndani ya handaki.

Skripti za zamani zenye kosa hili zilifanya kazi kwa miaka, kwa kuwa maktaba ya urllib3, ambayo requests huitegemea, ilikuwa haiungi mkono usimbaji wa namna hiyo na ikalipuuza neno hilo. Toleo la 1.26 la mwaka 2020 lilianza kulitii. Ndiyo maana baadhi ya watu huapa kwamba hawakugusa kitu na skripti ikaharibika yenyewe. Nao husema kweli, kilichoguswa ni moduli waliyoisasisha.

Je, ni lazima niandike proksi ndani ya skripti? Hakuna namna ya kuiweka mahali pamoja?

Ipo, na kwa maoni yangu ndiyo bora, kwa sababu skripti hiyohiyo itahamishiwa kesho kwenye mtandao usio na proksi. Tumia vigeu vya mazingira:

```
export http_proxy=http://192.168.10.2:3128
export https_proxy=http://192.168.10.2:3128
export no_proxy=localhost,127.0.0.1,192.168.10.5
```

curl (programu ya kutuma maombi ya wavuti kutoka teminali), wget, pip, git na moduli nyingi za Python huvisoma. Viandike kwa herufi ndogo. Programu nyingi hukubali pia herufi kubwa, ila curl kwa makusudi haisomi `HTTP_PROXY` ya herufi kubwa. Sababu ni kwamba seva za wavuti zinazoendesha programu kwa mfumo wa CGI huzipa vichwa vya ombi kama vigeu, kila kichwa kikiwa kigeu kinachoanza na `HTTP_`, hivyo mgeni yeyote akituma kichwa kiitwacho Proxy anaweza kuipangia seva proksi ya kwake. Udhaifu huo ulitangazwa upya mwaka 2016 kwa jina la httpoxy baada ya kugundulika katika maktaba kadhaa za lugha mbalimbali.

Skripti inafanya kazi nikiiendesha mwenyewe, lakini cron ikiiendesha inashindwa. Kwa nini?

cron, programu inayoendesha kazi kwa ratiba iliyoandikwa kwenye faili la crontab, haisomi `.bashrc` wala `.profile` yako. Vigeu ulivyoviandika humo vipo kwenye teminali yako tu, na skripti inapoamshwa saa tisa alasiri haivikuti. Viandike juu kabisa ya crontab yenyewe:

```
https_proxy=http://192.168.10.2:3128
0 15 * * * /usr/bin/python3 /home/mtumiaji/upepo.py
```

Hapa pana mtego ambao ni vigumu kuubaini kwa macho. Katika sehemu ya amri ya mstari wa crontab, alama ya asilimia ina maana yake: cron huigeuza kuwa mstari mpya. Mtu mwenye nenosiri lililoandikwa kwa `%40`, akiiweka anwani nzima ya proksi ndani ya amri, atakuta amri imekatwa katikati na ujumbe wa kosa hautaji asilimia popote. Ukiandika kigeu kwenye mstari wake, kama mfano ulivyo, tatizo hilo halipo.

Kwa sudo sababu ni ya ukoo mmoja: sudo kwa kawaida huyafuta mazingira ya mtumiaji kabla ya kuendesha amri. `sudo -E` huyabakiza pale sera ya kompyuta inaporuhusu.

Nitajuaje kama aliyenijibu ni proksi au ni tovuti?

Weka skripti kando kwa muda na utume ombi hilohilo kwa curl, ukiiambia ieleze kila hatua:

```
curl -v -x http://192.168.10.2:3128 "https://api.open-meteo.com/v1/forecast?latitude=-4.88&longitude=29.63&hourly=wind_speed_10m"
```

Mistari inayoanza na `>` ni uliyoyatuma wewe, na inayoanza na `<` ni uliyojibiwa. Mambo yakienda sawa utaona kwanza `> CONNECT api.open-meteo.com:443 HTTP/1.1` na jibu `< HTTP/1.1 200`, ambalo ni la proksi. Baadaye yanafuata maelezo ya TLS, kisha `> GET /v1/forecast` na jibu la pili, ambalo ni la Open-Meteo. Kila kilichotokea kabla ya TLS kuanza ni maneno ya proksi. Namba 403 iliyotokea hapo ina maana kwamba proksi yenu imekukatalia. Namba hiyohiyo ikitokea baada ya TLS, ni tovuti iliyokukatalia, na msimamizi wa mtandao wenu hana la kufanya.

Squid hujitambulisha pia kwa kichwa cha `X-Squid-Error` katika kurasa zake za makosa, kwa mfano `ERR_ACCESS_DENIED 0`. Ukikiona, usiendelee kuilaumu tovuti.

Namba ambayo curl hutoka nayo inasema mengi kuliko ujumbe wenyewe. Ione kwa kuandika `echo $?` mara baada ya amri. Tano ni kwamba jina la proksi halikupatikana, kwa kawaida kwa sababu limeandikwa vibaya. Sita ni kwamba jina la tovuti halikupatikana na, ukiwa nyuma ya proksi ya HTTP, hiyo ni dalili kubwa kuwa proksi haikutumika kabisa, kwa kuwa kazi ya kutafuta jina la tovuti ingefanywa na proksi. Saba ni kwamba muunganiko umekataliwa: anwani au poti ya proksi si sahihi, au seva yake imezima. Ishirini na nane ni muda kuisha. Sitini ni cheti kisichoaminika, jambo lenye jibu lake hapa chini.

Kwa upande wa Python, tazama neno `ProxyError` katika ujumbe wa kosa. Likiambatana na `Tunnel connection failed: 407` au `403`, namba hiyo imetoka kwa proksi. Kwa tovuti za HTTP tupu hupati msaada huo, kwa sababu ukurasa wa kosa wa proksi hurudi kama jibu la kawaida lenye HTML, na skripti iliyotarajia JSON hulalamika `Expecting value: line 1 column 1`. Ndiyo maana `raise_for_status()` imewekwa kwenye mfano kabla ya kugusa data, na ndiyo maana ni vizuri skripti iandike kwenye kumbukumbu zake herufi za mwanzo za jibu lililoshindikana kusomeka.

Ping haijibu na nslookup haipati jina. Je, intaneti imekatika?

Si lazima. Ping hutumia ICMP, na proksi ya HTTP haina habari nayo. Ndani ya mtandao wa aina hii kompyuta yako haihitaji hata kujua anwani ya IP ya tovuti. Inachohitaji ni kuifikia proksi. Ipime kwa curl kama ilivyoelezwa.

Proksi inadai jina la mtumiaji na nenosiri. Niyaweke wapi?

Jibu la 407 ndilo linaloonyesha kuwa proksi inataka kukutambua. Lisichanganywe na 401, ambalo ni la tovuti. Kwa utambulisho wa kawaida, jina na nenosiri huwekwa ndani ya anwani: `http://jina:nenosiri@192.168.10.2:3128`. Nenosiri likiwa na alama zenye maana katika anwani, ziandike kwa msimbo wake: `@` iwe `%40`, `:` iwe `%3A`, `#` iwe `%23`, na `/` iwe `%2F`. Nenosiri lenye `@` likiachwa hivyo hivyo linaweza kuifanya programu idhani kuwa kilichofuata alama hiyo ni jina la proksi, na hapo utaletewa kosa la jina lisilopatikana badala ya kosa la nenosiri.

Utambulisho huo wa kawaida hauna usimbaji. Nenosiri hugeuzwa tu kwa Base64, ambayo mtu yeyote anaweza kuirudisha, na hupita hivyo kwenye mtandao wa ndani katika kila ombi. Omba akaunti maalumu ya skripti, isiyo ile unayoingilia kwenye barua pepe na mfumo wa mishahara. Wala usiliandike nenosiri kwenye amri ya teminali, ambapo hubaki katika historia ya bash. Kwa curl, liweke kwenye faili la `.curlrc` lenye ruhusa ya 600. Kwa skripti, kwenye faili la mipangilio ambalo haliingii git.

Baadhi ya ofisi zinazotumia Windows huweka proksi zenye utambulisho wa NTLM au Kerberos, njia za kumtambua mtumiaji zinazotumika kwenye mitandao ya Windows. curl inaziweza kwa `--proxy-ntlm` na `--proxy-negotiate`, lakini requests yenyewe haina uwezo huo. Njia iliyozoeleka ni kuweka programu kama Cntlm kwenye kompyuta yako. Hiyo ndiyo hujitambulisha kwa proksi ya ofisi, nawe huielekeza skripti yako kwenye 127.0.0.1 bila nenosiri lolote.

Ninapata CERTIFICATE_VERIFY_FAILED nikiwa ofisini tu. Nyumbani kwa bando la simu hakuna kosa. Niweke `verify=False`?

Hapana. Tofauti hiyo ya ofisini na nyumbani inaonyesha kwamba proksi ya ofisi haisukumi tu baiti: inafungua usimbaji, inasoma, kisha inafunga upya kwa cheti ilichokitengeneza yenyewe. Katika matokeo ya `curl -v` tazama mstari wa issuer. Ukikuta jina la ofisi yenu au la kifaa cha usalama mahali ambapo pangekuwa na jina la mtoa vyeti anayejulikana, umethibitisha.

Vivinjari vya ofisini havilalamiki kwa sababu msimamizi amekwisha kuviwekea cheti kikuu cha ofisi. Mwombe cheti hicho. Kwenye Ubuntu na Debian, kiweke katika `/usr/local/share/ca-certificates/` kikiwa na jina linaloishia na `.crt`, kisha endesha `sudo update-ca-certificates`. curl itatulia. requests iliyosakinishwa kwa pip bado itakataa, maana huja na orodha yake ya vyeti na haitazami ya mfumo, hivyo iongezee kigeu:

```
export REQUESTS_CA_BUNDLE=/etc/ssl/certs/ca-certificates.crt
```

Anayeandika `verify=False` huondoa kosa kwenye kioo, lakini skripti yake itakubali tangu hapo data kutoka kwa yeyote atakayejiweka katikati. Kwa namba za upepo ambazo watu wataziamini kabla ya kuingia ziwani usiku, hilo si jambo dogo.

Skripti inaweza kufika intaneti, lakini sasa haifikii seva ya ndani. Nifanyeje?

Ombi la seva ya ndani limepelekwa kwa proksi, ambayo ama haijui jina hilo ama inakataa kulirudisha ndani. Ongeza seva hiyo kwenye `no_proxy`, kama mfano wa juu ulivyofanya kwa 192.168.10.5. Programu hazikubaliani kuhusu maandishi ya orodha hiyo: nyota ya `*.ofisi.lan` haieleweki kwa curl, na anwani za mafungu kama 192.168.10.0/24 curl ilianza kuzielewa katika toleo la 7.86 la mwaka 2022. Tenganisha kwa mkato bila nafasi, na andika majina kamili na anwani moja moja; ni kazi kidogo zaidi, lakini haina ubishi.

SOCKS ni nini, na nitaihitaji lini?

SOCKS ni itifaki nyingine ya proksi, isiyofungamana na HTTP. Toleo la 5, lililoandikwa katika RFC 1928 mwaka 1996, ndilo linalotumika zaidi. Utakutana nayo hasa unapotaka kupita kwenye kompyuta nyingine kwa SSH, njia salama ya kuingia kwenye kompyuta iliyo mbali. Tuseme uko Tabora kikazi na data iko kwenye seva inayopokea maombi ya ofisi ya Kigoma peke yake. Ukiwa na ruhusa ya kuingia kwenye kompyuta ya Kigoma, `ssh -D 1080 mtumiaji@seva-ya-kigoma` hukufungulia proksi ya SOCKS kwenye laptopu yako. Kisha sakinisha `pip install "requests[socks]"` na uelekeze skripti kwenye `socks5h://127.0.0.1:1080`.

Herufi `h` ya mwisho inaamua jina la tovuti litafutwe wapi. Ukiandika `socks5://`, jina hutafutwa na laptopu yako kule Tabora, ambako seva ya ndani ya Kigoma haijulikani. Ukiandika `socks5h://`, hutafutwa upande wa Kigoma.

Je, PHP, Node.js, git na apt zinafuata taratibu hizi?

Kila moja ina desturi yake. Katika PHP, curl huwekewa `CURLOPT_PROXY`; ukitumia `file_get_contents`, tengeneza muktadha wenye `'proxy' => 'tcp://192.168.10.2:3128'` na `'request_fulluri' => true`. Node.js kwa miaka mingi haikusoma vigeu vya mazingira, hivyo skripti nyingi hutumia kifurushi kama https-proxy-agent. git ina `git config --global http.proxy`, na apt husoma mstari wa `Acquire::http::Proxy` ndani ya `/etc/apt/apt.conf.d/`.

Ninaletewa utabiri wa jana. Je, ni kashe ya proksi, yaani nakala ilizozihifadhi?

Kwa tovuti ya HTTP tupu inawezekana. Tuma kichwa `Cache-Control: no-cache`. Kwa HTTPS isiyofunguliwa, proksi haiwezi kuhifadhi kile isichokiona, kwa hiyo angalia kwanza kama skripti yako haisomi faili la jana.

Umeme ukikatika na kurudi, skripti ya alasiri hushindwa. Sababu ni nini?

Kompyuta ndogo huwaka haraka na seva ya proksi huchelewa, hivyo skripti hugonga mlango kabla haujafunguliwa. Iambie ijaribu tena kwa kungoja muda unaoongezeka kati ya jaribio na jaribio. Usiiache ijaribu mfululizo bila mapumziko, kwa kuwa tovuti huwaona nyote mlio nyuma ya proksi kama anwani moja ya IP. Open-Meteo, kwa mfano, huruhusu bila malipo maombi yasiyozidi 10,000 kwa siku kwa matumizi yasiyo ya kibiashara, na skripti moja isiyo na adabu inaweza kuumaliza mgao wa ofisi nzima.

Kuna orodha za proksi za bure mtandaoni. Naweza kuzitumia ofisi ikinizuia?

Sishauri. Mwenye proksi husoma na anaweza kugeuza kila kinachopita kwa HTTP tupu, na hata kwa HTTPS anaona majina ya tovuti unazoziendea. Isitoshe, kuikwepa proksi ya mwajiri ni suala la nidhamu ya kazi. Wanaofikiria VPN badala yake wakumbuke kwamba Oktoba 2023 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, ilitoa tangazo la kuwataka watu na kampuni wanaotumia VPN katika shughuli zao wajitambulishe kwake kufikia tarehe 30 ya mwezi huo. Tovuti ikizuiwa na unaihitaji kwa kazi, omba ifunguliwe kwa maandishi.

Nimethibitisha kuwa ni proksi inayonikatalia. Nimwandikie nini msimamizi wa mtandao?

Usimwandikie kwamba mtandao haufanyi kazi. Mpe saa kamili ya jaribio, anwani ya IP ya kompyuta yako, jina la tovuti pamoja na poti, na mistari ya `CONNECT` na jibu lake kutoka `curl -v`, baada ya kuufuta mstari wa `Proxy-Authorization` kwa kuwa una nenosiri lako. Kwa hayo ataupata mstari wako katika `/var/log/squid/access.log` bila kutafuta sana.

Ukisomeka `TCP_DENIED/407`, utambulisho haukupita. Ila mstari mmoja wa aina hiyo unaofuatiwa papo hapo na `TCP_TUNNEL/200` ni wa kawaida, kwani baadhi ya programu hujitambulisha baada tu ya kuulizwa. Ukisomeka `TCP_DENIED/403`, kuna kanuni inayoizuia tovuti au poti yake. Mipangilio ya awali ya Squid huruhusu `CONNECT` kwenda poti 443 tu, hivyo huduma iliyowekwa kwenye 8443 itakataliwa hata kama hakuna aliyekusudia kuizuia, na msimamizi ataifungua kwa kuongeza poti hiyo kwenye orodha ya `SSL_ports`. Asipoona mstari wowote wa saa uliyomtajia, skripti yako haikuifikia proksi yake. Rudi kwenye vigeu vya mazingira.